Kaa kitako, kaa la moto na kaa wa pwani: neno moja au matatu?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huko Wete, kisiwani Pemba. Wanafunzi wangu wameniuliza kama kaa la "kaa kitako", kaa la moto na kaa wa pwani ni neno moja lenye maana tatu au ni maneno matatu. Mwalimu mwenzangu anasema ni neno moja: makaa yameitwa hivyo kwa sababu moto hukaa ndani yake, na kaa wa pwani ameitwa hivyo kwa sababu hukaa shimoni. Mwengine anashikilia kuwa neno limetoka kwa Wahindi, ambao husema "ka" katika kila sentensi. Lipi la kuwaambia watoto? Na je, tuandike mkazi au mkaazi?

Jibu: Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Hayo ni maneno matatu, yote ni ya Kibantu, na hakuna hata moja kati yao lililozaliwa na jengine. Hapo zamani hayakufanana kama yanavyofanana leo. Yalikuwa na sauti zilizoyatenga, na sauti hizo Kiswahili kimezidondosha kidogo kidogo, kila neno likipoteza zake, mpaka yote matatu yakaishia kwenye silabi zile zile mbili. Kwa bahati njema sauti hizo hazikupotea bila ya kuacha alama. Nyengine zimo katika sarufi tunayoifundisha kila siku, nyengine zimo vinywani mwa wazee wetu, na nyengine zimehifadhiwa na ndugu zetu wa bara, kutoka Digo mpaka Kongo.

Nianze na lile ambalo watoto wenyewe wanaweza kuliona. Waandikie ubaoni sentensi hii: "Kaa huyu hakai juu ya kaa la moto." Hakuna mtoto wa Pemba atakayeshindwa kuielewa, kwa sababu sarufi inamwongoza. Kaa wa kwanza amefuatwa na huyu, kwa hiyo ni kiumbe chenye uhai, na wakiwa wengi tutasema kaa hawa. Hakai imebeba alama za ukanushi mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo ni kitenzi. Kaa la moto limefuatwa na la, na wingi wake ni makaa. Ndiyo maana kamusi nyingi za Kiswahili huyapa maneno haya vitomeo mbali mbali, kila kimoja na nambari yake ndogo. Lakini kutofautiana kwa ngeli peke yake hakutoshi kuthibitisha kuwa asili ni mbali mbali, kwani neno moja linaweza kuzaa kitenzi na nomino kwa pamoja, kama ambavyo kukaa kumezaa kikao, mkao na makao. Ushahidi wenyewe lazima utafutwe katika sauti.

Kabla ya kufika huko, ni vyema tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Kitenzi kukaa kina maana nyingi sana. Mtu hukaa kitako juu ya mkeka, hukaa Mkoani au Konde, mjane hukaa eda, muumini hukaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani, na kanzu iliyoshonwa vizuri humkaa mwenyewe. Maana hizo zote zimechipuka katika wazo moja la kutulia mahali, na ukizifuata kwa utaratibu utaona jinsi moja ilivyoizaa nyengine: aliyeketi ametulia, aliyetulia mahali kwa muda mrefu ni mkaazi wa hapo, na aliyetulia katika hali fulani, kama ya eda, hukaa katika hali hiyo mpaka muda wake utimie. Hilo ni neno moja lenye maana nyingi. Huwezi, hata hivyo, kuondoka kwenye kutulia mahali ukafika kwa mnyama mwenye magando, au kwenye kipande cheusi cha mti uliounguzwa, ila kwa kutunga kisa. Kisa kinaweza kuwa kizuri sana kwa kusimuliwa na bado kisiwe historia ya neno.

Sasa tazama kitenzi hicho kinapoongezewa kiambishi cha kutendea. Kaa huwa kalia: mtoto amekalia kiti. Zaa huwa zalia, vaa huwa valia, twaa huwa twalia. Wengi wetu tulifundishwa kuwa hiyo l huingizwa ili matamshi yawe mepesi. Kihistoria jambo ni kinyume chake. L ndiyo iliyokuwepo tangu mwanzo, na Kiswahili kiliidondosha katika maneno mengi ilipokuwa baina ya irabu mbili, lakini kikaihifadhi khasa mahali ilipofuatwa na irabu i, kama inavyoonekana katika kali, mbali na pia katika mbili na mwili. Kwa hiyo kala ikawa kaa, na kalia ikabaki kalia. Nomino makalio, ambayo kila mtu anaijua ingawa si kila mtu huitamka mbele ya wakubwa, imehifadhi sauti hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Mtu mwangalifu anaweza kupinga hapa, na pingamizi yake ni ya haki. Tunasema sahauliwa, na sahau ni neno la Kiarabu ambalo halikuwa na l yoyote katika asili yake. Ni kweli. Wasemaji walipokwisha kuzoea kusikia l ikijitokeza katika maneno kama kalia na chukulia, waliipeleka mpaka kwenye maneno ya kigeni ambayo hayakustahiki kuwa nayo. Kwa sababu hiyo l ya kalia haitoshi kuwa shahidi peke yake, nasi hatuna budi kutafuta mashahidi wengine nje ya Kiswahili.

Mashahidi wapo, tena ni wengi. Njaa yetu Wachewa huiita njala na Wadigo nzala. Mvua yetu ni mvula kwa wote wawili, na kwa Wazulu ni imvula. Kuvaa kwetu ni kuvala kwa Wachewa. Popote Kiswahili kilipo na irabu mbili zilizokutana kwa namna hii, lugha hizo zina l katikati, na utaratibu huu unajirudia katika maneno mengi mno kuweza kuitwa bahati. Kulinganisha huku ndiko kulikowawezesha wataalamu kuzikusanya lugha zetu katika ukoo mmoja. Wilhelm Bleek aliupa ukoo huo jina la Bantu katika sarufi linganishi yake ya mwaka 1862, Carl Meinhof alieleza kanuni za sauti zake mwaka 1899, na Malcolm Guthrie alikusanya maelfu ya mizizi katika majuzuu manne yaliyotoka kati ya mwaka 1967 na 1971. Kwa upande wa Kiswahili na ndugu zake wa karibu, yaani Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na wengineo, kazi kubwa kuliko zote ni ile ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993. Lugha mama inayokisiwa kuwa chimbuko la ukoo wote huitwa Mame-Bantu.

Tuyapeleke maneno yetu matatu mbele ya mashahidi hao, moja baada ya jengine.

Kitenzi kwanza. Kwa Wadigo, jirani zetu wa ng'ambo, ni -kala, nacho kina maana ya kuwepo na kuishi mahali. Kwa Wachewa ni kukhala. Kwa Wabemba wa Zambia ni -ikala, na kwa Wakikuyu ni gũikara, ambapo r inasimama mahali pa l ya wengine. Wanyarwanda wana kwicara, kukaa kitako. Hata Kiswahili cha Lubumbashi, katika nchi ya Kongo, husema kuikala mahali ambapo sisi tungesema kukaa, kwa kuwa lugha za jirani huko, zikiwemo Kiluba na Kibemba, zina umbo hilo. Angalia irabu i iliyo mwanzoni mwa mzizi katika maumbo ya Wabemba, Wakikuyu, Wanyarwanda na watu wa Lubumbashi. Hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe, na Kiswahili kimeiacha. Kwa hiyo kukaa kwetu kumepoteza sauti mbili: i ya mwanzo na l ya katikati.

La pili ni kaa la moto. Wadigo husema makala, wasemaji wa Kikongo na wa Kilingala vile vile makala, Wachewa makala, Wakikuyu makara, Wanyarwanda amakara. Hapa l, au r, ipo tena, lakini ile i ya kitenzi haipo. Msomaji anayejua Kikuyu atasema kwamba umoja wa makara ni ikara, na kwamba ikara hiyo inafanana sana na kitenzi cha kukaa. Inafanana kwa macho tu. I ya nomino hiyo ni kiambishi cha ngeli, ndiyo maana huondoka na kuipisha ma katika wingi, kama ambavyo jicho letu huwa macho. I ya kitenzi haiondoki kwa namna hiyo, kwa kuwa ni sehemu ya mzizi. Juu ya hayo, lugha nyingi za Kibantu hutenganisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, yaani toni, na Kiswahili kimeuacha mfumo huo kabisa. Maneno ambayo kwa jirani zetu hutofautishwa na toni, kwetu yamebaki bila ya kitu cha kuyatenga.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, naye ni kaa wa pwani. Wasemaji wa Kikongo humwita nkala. Wazulu humwita inkalankala, kana kwamba jina limetajwa mara mbili, na Waxhosa humwita unonkala. Sauti mpya iliyojitokeza hapa ni n kabla ya k. Hiyo ni alama ya ngeli ambayo ndani yake mna majina mengi ya wanyama, na kwetu pia tunayo: tunaisikia katika ndege, mbuzi na mbwa, ambapo konsonanti inayofuata ni ya kughuna kama d na b. Lakini mbele ya konsonanti zisizoghuna, yaani k, p, t na ch, Kiswahili kiliidondosha nazali hiyo, yaani sauti hiyo ya puani. Haikuondoka patupu. Iliacha pumzi. Msemaji wa asili wa mwambao akimtaja mnyama huyu, k yake hutoka na mpumuo unaosikika, karibu na khaa, na akilitaja kaa la seredani, k yake hutoka kavu.

Hili wanafunzi wako wanaweza kulijaribu wenyewe. Mwombe mzee mmoja, aliyezaliwa na kulelewa hapo hapo, ashike ukurasa mwepesi wa karatasi mbele ya midomo yake, kisha aseme "kaa wa pwani" na "kaa la moto". Katika lahaja zilizohifadhi tofauti hii, karatasi hucheza kwa la kwanza na haichezi, au hucheza kidogo tu, kwa la pili. Mwambie aseme pia paa, yule mnyama, ambaye kwa Unguja watu humjua zaidi kwa paa nunga wa msitu wa Jozani, kisha paa la nyumba. Halafu tembo mwenye mkonga, na tembo linalogemwa mnazini. Katika kila jozi mnyama ana mpumuo na kile kitu kingine hakina, kwa sababu mnyama ndiye aliyekuwa na nazali. Padri Charles Sacleux, aliyeishi katika mwambao huu na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa kuchapishwa Paris mwaka 1939, aliuonesha mpumuo huo katika maandishi yake. Tahajia sanifu haikuuonesha, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kufifia kwake: watoto hujifunza kutoka vitabuni kwamba maneno haya ni sawa, kisha huyatamka sawa. Ningependa sana walimu wa Unguja na Pemba wawarikodi wazee wao wakiyasema maneno hayo, kwani tofauti ambayo haikuandikwa haiwezi kurejeshwa ikishatoka vinywani.

Tukiyaweka pamoja, basi, tunapata kitu kama ikala kwa kukaa, kala kwa kaa la moto na nkala kwa kaa wa pwani, kila moja likiwa na toni zake. L ilipodondoka kwa yote, i ilipodondoka kwa la kwanza, n ilipogeuka pumzi kwa la tatu na toni zilipotoweka, kilichobaki ni kaa, kaa na kaa.

Hapo utaona kwa nini siwezi kukubaliana na mwenzako wa kwanza, ingawa namheshimu kwa kutafuta sababu. Maelezo yake yanategemea maneno yafanane, na maneno hayakufanana wakati yalipoundwa. Aliyesema nkala hakusikia ndani yake neno la kukaa, kama sisi tusivyosikia neno la kula ndani ya kulabu. Isitoshe, wasemaji wa Kikongo wa magharibi kabisa mwa bara na Wazulu wa kusini walikuwa na jina hilo la kaa pasi na kupita kwenye mashimo ya mikoko ya Pemba. Jina limeenea namna hiyo kwa sababu ni la kale sana, la kabla ya wasemaji wa lugha hizi kutawanyika. Kuhusu makaa, kuna uwezekano wa kuitafuta nasaba yake upande mwengine, kwa maneno ya ukavu na joto: kukaanga kwetu ni karanga kwa Wakikuyu, na kukauka kwetu kuna ndugu yake katika Kiganda, okukala, kuwa kavu. Maneno haya yana sauti zinazokaribiana na maana zinazopakana. Mimi nayataja ili uone kwamba hata tukitaka kumtafutia kaa la moto jamaa, jamaa huyo anapatikana jikoni zaidi kuliko kitini.

Nije kwa mwenzako wa pili. Ni kweli kwamba Kihindi na Kiurdu vina ka, na ni neno linalosikika sana, kwa kuwa ni la umilikishi, sawa na wa, ya na la zetu. Hubadilika kufuata kitu kinachomilikiwa: ka kwa nomino ya kiume iliyo moja, ke kwa wingi wake, ki kwa ya kike. Nyumba ya Ram ni Ram ka ghar, na kitabu chake ni Ram ki kitab, na hiyo kitab bila shaka umeitambua. Lakini ka hii haina uhusiano wowote na kukaa, wala makaa, wala kaa. Tena wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Zanzibar kwa karne nyingi walitoka zaidi Kachchh na Gujarat, na katika lugha zao umilikishi hauoneshwi kwa ka. Wagujarati husema no, ni na nu, na Wakachchhi jo na ji. Kama tungaliazima kiunganishi cha umilikishi kutoka kwao, tungaliazima hicho. Lugha nazo ni nadra kuazima neno la kusema kukaa kitako, kwani kila watu walikuwa wakikaa kitako kabla ya kukutana na wageni. Tulichoazima kwao ni majina ya vitu vilivyokuja na majahazi yao.

Silabi fupi kama ka hupatikana karibu kila pahala duniani, na kwa sababu hiyo kufanana kwake hakuthibitishi kitu. Wajapani husema ka wakimaanisha mbu, na vile vile huiweka ka mwishoni mwa sentensi ili kuifanya swali. Wamisri wa kale waliita ka ile nguvu ya uhai ya mtu ambayo waliamini hubaki baada ya kifo, nao waliiandika kwa mchoro wa mikono miwili iliyoinuliwa. Kwa Waarabu ka ni "kama", na hii kidogo inatuhusu, kwa sababu kama yetu imetoka kwao, kutoka kamā, ambayo ndani yake mna ka hiyo hiyo. Vijana wa Nairobi siku hizi huifupisha kama na kuifanya kaa, "kaa hutaki, acha", kwa hiyo huko Kenya pana kaa ya nne ambayo kweli ina damu ya Kiarabu. Usiwachanganye wanafunzi wako kwa hiyo, lakini akitokea mmoja aliyeisikia kwenye nyimbo, utakuwa na jibu.

Kuna mfano wa Kiingereza ambao ningekushauri uutumie darasani. Mwingereza wa London anapoitaja gari, sisi husikia kaa. Neno hilo lilitoka kwa Wagauli, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, Warumi wakalichukua na kuliita carrus, yaani gari la magurudumu la kukokotwa, na mpaka leo Waingereza huliandika kwa r mwishoni. Waskoti na Wamarekani wengi huitamka r hiyo. Kusini mwa Uingereza iliachwa kutamkwa katika karne ya 18. Yaliyoifika r yao yaliifika pia l yetu, na tofauti ni kwamba wao wameendelea kuiandika sauti iliyopotea, na sisi hatuiandiki.

Sitaki kumwacha kaa wa pwani kabla ya kusimulia safari ya jina lake jengine, kwa kuwa ni tamu na Wazanzibari wanaiishi bila ya kuijua. Wayunani walimwita karkinos, Warumi cancer, na katika Kisanskriti ni karkaṭa. Majina haya matatu ni ndugu wa kweli, nayo huhusishwa na mzizi wenye maana ya ugumu, kwa sababu ya gamba lake. Waganga wa Kiyunani wa zama za Hippocrates waliupa jina hilo hilo uvimbe unaokula mwili, na Galen, aliyeishi katika karne ya 2 baada ya Nabii Isa, alieleza kwamba mishipa iliyovimba pembezoni mwa uvimbe wa titi inafanana na miguu ya kaa ilivyotanda kutoka mwilini mwake. Kutoka hapo kila taifa lililosoma tiba hiyo liliuita ugonjwa kwa jina la mnyama katika lugha yake. Mjerumani husema Krebs kwa vyote viwili. Mrusi husema rak, ambaye kwake ni kamba wa maji baridi na pia ni ugonjwa. Mwarabu husema saraṭān, na kwake neno hilo ni kaa, ni ugonjwa, na ni nyota ya nne katika buruji.

Kiswahili kilipolichukua neno la Kiarabu, kilichukua ugonjwa na nyota, yaani saratani, na hakikumchukua mnyama, kwa sababu mnyama alikuwa na jina lake tangu kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga. Baadaye tukapata kansa kutoka kwa Waingereza, ambayo ni cancer ile ile ya Warumi. Kwa hivyo mgonjwa anayeambiwa hospitalini kuwa ana saratani, au kansa, anatajiwa kaa kwa Kiarabu au kwa Kilatini, na anaporudi kwao akapita sokoni humkuta kaa kwa Kibantu, na hakuna kinachomwonesha kuwa ni yule yule. Hapa pana mtego ambao naomba tusiuingie. Karkaṭa ya Kisanskriti na inkalankala ya Kizulu zinafanana, ukizisoma kwa haraka, na wapo watu ambao kwa kufanana kama huko hujenga daraja la baharini kutoka India mpaka Afrika Kusini. Lakini nkala ya Kibantu ina mzizi wake, ina utaratibu wake wa l kuwa r au kutoweka, na haina alama yoyote ya kupita India. Kufanana huko ni kwa bahati, kama kwa mbu wa Kijapani.

Jirani wa maneno haya, kwa upande wa Unguja, ni lile jina la Kikae, ambalo watu wa Makunduchi huiita lahaja yao. Kae ni kale, yaani zamani, na Kikae ni lugha ya kale. Angalia kwamba Kiswahili sanifu kimeihifadhi l katika kale, na Wamakunduchi wameidondosha. Kuidondosha l, basi, hakukusimama mahali pamoja wala hakukufuata mpaka mmoja. Kila lahaja ilikwenda nako kwa kadiri yake. Ukiwa na wanafunzi waliowahi kwenda Makunduchi kuangalia Mwaka Kogwa, huenda mmoja akakwambia kuwa amelisikia jina hilo kwa masikio yake.

Nimeliacha la mkazi na mkaazi mwishoni kwa kuwa linahitaji yote yaliyotangulia. Katika Kiswahili cha kale l iliyofuatwa na i finyu ya kuundia majina ya watendaji, yaani i iliyotamkwa kwa kubana zaidi kuliko ile ya kali na mbali, iligeuka z. Anayelea ni mlezi, anayetembea ni mtembezi, anayeokoa ni mwokozi, anayechagua ni mchaguzi, na vitenzi vyote hivyo vilikuwa na l iliyodondoka: lela, tembela, okola, chagula. Kwa kanuni hiyo anayekala ni mkazi, kwa a moja, na z yake ndiyo l iliyopotea, imevaa sura nyengine. Kwa hivyo wanaoandika mkazi na makazi, kama yalivyo mazoea ya Tanzania Bara na ya kamusi nyingi, wana historia ya sauti upande wao.

Wanaoandika mkaazi na makaazi nao wana hoja, nayo ni ya lugha ilivyo sasa. Wasemaji hawaisikii tena ile kala. Wanaisikia kaa, yenye a mbili, na wanataka neno la mtendaji lioneshe kitenzi chake. Visiwani tahajia hiyo imekita, hata kitambulisho chetu kimeandikwa Mzanzibari Mkaazi. Ina faida nyengine pia. Kwa Wachewa mkazi ni mwanamke au mke, na Kiswahili nacho kilikuwa na neno hilo, kwa kuwa tunaliona limebaki ndani ya mkazamwana, mke wa mtoto wa kiume. A mbili humweka mkaazi wa Wete mbali na mkazi huyo wa kale. Ubaoni kwako, Maalim, andika mkaazi na makaazi, uwaambie watoto kuwa watakapokutana na mkazi katika gazeti la bara wasilihesabu kuwa ni kosa. Kikao, mkao na makao ziandike kwa a moja bila ya shaka yoyote, kwani hapo o imechukua nafasi ya a ya mwisho ya kitenzi. Na mtoto akikuuliza l ya mkaazi iko wapi, mwoneshe z.